Namna ya Kuitwa Fundi wa DVD Morogoro Bila Kuisomea

Kamati ya harusi ikishajua una laptop, basi, wewe ndiye fundi. Usikatae. Ukikataa utatakiwa kueleza sababu, na kueleza kunachosha kuliko kazi yenyewe. Itikia, sema "hilo niachieni mimi", halafu njoo tukae pembeni nikupe njia za mkato. Hizi ninazokupa zinafanya kazi kweli, na hakuna mwanakamati atakayegundua kwamba ulijifunza jana usiku.

Jambo la kwanza ni kujua unamtumikia nani. DVD yako haitachezwa kwenye laptop yako hapo Kihonda. Itapanda gari, itapita Mzumbe na kupanda kona hadi Mgeta. Au itazunguka upande wa Kiroka na Mkuyuni iende Matombo. Huko itaingizwa kwenye deki iliyonunuliwa zamani, lenzi yake imekula vumbi la miaka, umeme wake pengine ni wa sola, na sebule imejaa ukoo mzima. Deki hiyo ndiyo bosi wako. Kila uamuzi uanzie kwake ukirudi nyuma: deki inataka nini, kwa hiyo diski ipi, kwa hiyo mashine ipi. Wengi huanzia dukani kwenye bei, wakaishia kutoa jasho mbele ya wakwe.

Hatua ya kwanza: tafuta raita

Laptop za siku hizi nyingi hazina mlango wa diski, kwa hiyo utahitaji raita ya nje, yaani mashine ya kuchomea diski, ile nyembamba ya kuchomeka kwenye USB. Kama una kompyuta ya mezani, nunua ya ndani yenye waya wa SATA. Ni imara zaidi na haigombanii umeme na mtu.

Usimuulize muuzaji mashine inafanya nini. Soma uso wake. Kuna raita za mtumba zilizoandikwa DVD kwa mbwembwe, kumbe zinasoma DVD na kuchoma CD peke yake. Utaijua kwa sababu neno ReWritable limekaa chini ya nembo ya Compact Disc, na DVD imesimama mpweke haina R wala RW. Ukikuta maneno Super Multi, umefika: hiyo inachoma aina zote za DVD unazozisikia, hata zile ambazo hutazigusa maisha yako yote.

Sasa njia ya mkato yenyewe: nenda dukani na diski tupu mfukoni. Muuzaji akikwambia "hii mpya kabisa, kaka", mjibu kwa upole, "Sawa bosi, tuchome moja hapa hapa." Kama mashine ni nzima utaondoka na raita, na utaondoka na jina, maana wote waliosimama pale kaunta watakuona unajua unachokitafuta. Kama ni mbovu, umeokoa hela na hujagombana na mtu.

Zile nyembamba zinanyonya umeme wote kutoka kwenye tundu la USB, na wakati wa kuchoma leza hutaka umeme mwingi kuliko wakati wa kusoma. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptop, usiipitishe kwenye kigawanyio chenye mausi, modemu na chaja ya simu. Kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote viwili; havikuwekwa kwa urembo.

Na choma ukiwa na betri iliyojaa. Tangu mwaka 2000, Sanyo walipoleta teknolojia ya BURN-Proof, raita zinaweza kusubiri kompyuta ikichelewa kuleta data na kuendelea pale zilipoishia. Lakini umeme ukikatika katikati, diski hiyo imekufa. Hapa Morogoro betri nzima ya laptop ina thamani kuliko raita ya bei mbaya.

Hatua ya pili: kariri diski moja tu

Duka litakuonyesha DVD-R, DVD+R, RW za kila namna, na DL. Mtu makini atataka kuzielewa zote. Wewe elewa kiasi cha kutosha kuzikataa.

Ugomvi wa alama ya kutoa na alama ya kujumlisha ni ugomvi wa makampuni. Pioneer walileta DVD-R mwaka 1997. Philips, Sony na wenzao wakajitenga na kundi lao, na DVD+R ikafika sokoni mwaka 2002. Zote mbili zinabeba gigabaiti 4.7, na raita za leo zinachoma zote bila kuuliza. Tofauti inayokuhusu iko kwenye deki: ya kutoa ilitangulia, na deki nyingi za zamani zimeizoea. Chukua DVD-R. Hapo hapo umekwishamaliza mjadala ambao watu wazima wamekesha nao.

RW inavutia kwa sababu inafutika na kuandikwa tena hadi mara 1,000. Iache kwa kazi za nyumbani. Diski ya RW hurudisha mwanga kidogo sana, asilimia 18 hadi 30 tu, wakati ya R hurudisha 45 na zaidi. Lenzi iliyochoka kuisoma RW ni sawa na mzee kusoma gazeti kwa kibatari. DL, ya matabaka mawili, inabeba gigabaiti 8.5 na bei yake inauma; tena deki nyingi husita kidogo inapohama kutoka tabaka moja kwenda la pili, na siku zote itasita bibi harusi anapoingia.

Kwa hiyo sentensi ya kusema dukani ni hii: "Nipe DVD-R, 16x, kopo la hamsini." Iseme bila kupumua katikati.

Halafu usidanganywe na jina lililoandikwa kwenye kopo. Jina la boksi na kiwanda ni vitu viwili. Kampuni nyingi zinanunua diski kwa viwanda vichache na kuzibandika nembo. Taiyo Yuden wa Japani, ambao mafundi wengi waliwaamini kuliko wote, waliacha kutengeneza mwaka 2015. Verbatim nayo iliuzwa kwa CMC ya Taiwan mwaka 2019. Programu ya bure ya ImgBurn itakusomea jina la kiwanda lililoandikwa ndani ya diski yenyewe. Ukipata kopo ambalo halikuangushi, andika jina la kiwanda hicho kwenye simu yako, na usimwambie fundi wa jirani.

Mteja mwenye macho makali atakuja siku moja kusema diski imeandikwa 4.7 lakini kompyuta inaonyesha 4.38, umemwibia. Hujamwibia. Kiwanda kinahesabu gigabaiti kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Mweleze hilo taratibu, mbele ya watu.

Hatua ya tatu: kata mkanda kabla diski haijakukatia

Hapa ndipo mafundi wengi wanapojiharibia, kwa huruma. Harusi ilianza saa tatu asubuhi kanisani ikaisha saa sita usiku ukumbini, na kila mtu anataka kujiona. Fundi mwenye huruma anazibana saa nne zote za mkanda kwenye diski moja. Picha inakuwa vipande vipande, na inaharibika zaidi pale watu wanapocheza, kwa sababu mwendo ndio unaokula nafasi.

Diski moja, saa mbili. Kwa kipimo hicho video inapata kama megabiti 5 kwa sekunde, na nyuso za watu zinabaki nyuso. Ikizidi, fanya diski mbili, moja ya kanisani na moja ya ukumbini. Hutalaumiwa, utasifiwa, kwa kuwa diski mbili kwenye kava moja zinaonekana kazi kubwa. Watu wetu wamezoea hivyo tangu enzi za VCD, ambayo ilibeba saa moja na dakika kidogo tu, na ndiyo maana filamu nyingi za Kibongo zilikuja kwa sehemu ya kwanza na ya pili.

Sasa nikupe siri ambayo hutaipata kwenye kijitabu cha raita yoyote. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti. Hakikisha mjomba wa bibi harusi na mjomba wa bwana harusi wanaonekana ndani ya dakika kumi za mwanzo, wazi, uso mzima, na jina lililoandikwa chini bila kukosewa. Weka picha ya mmoja wao kwenye menyu. Mjomba akijiona mapema, kasoro zote zitakazofuata zitasamehewa, hata sauti ya mshereheshaji inayopasua spika. Kama kazi ni ya sherehe ya mwali, piga picha za nje tu, za ngoma na kutunza. Ya ndani ni ya wenyewe, na fundi anayeheshimika haombi hata kuingia.

Hatua ya nne: usiburute faili

Ukiweka diski tupu, Windows itakuuliza unataka kuitumia kama flashi au kwa deki. Chagua ya deki. Hata hivyo hujamaliza. Kuburuta faili la MP4 kwenye diski hakutengenezi DVD ya video. Kunatengeneza diski yenye faili, na deki ya zamani itaitazama na kusema haioni kitu.

Deki inataka video ya MPEG-2, na kwetu iwe ya mfumo wa PAL: picha 25 kwa sekunde, ukubwa wa 720 kwa 576, zikiwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Hayo yote huna haja ya kuyafanya kwa mkono. Pakua DVDStyler, ni ya bure, iambie PAL, ipangie menyu, uiache ifanye kazi wewe ukienda kula. Itachukua muda. Ukirudi, iambie ikutengenezee faili la ISO kwanza badala ya kuchoma papo hapo. Hilo ISO lihifadhi vizuri. Linarudi baadaye kukuokoa.

Hatua ya tano: punguza mbio

Kopo limeandikwa 16x, na wewe una haraka. Choma kwa 8x. Kwa 16x diski iliyojaa huisha kwa dakika tano au sita, kwa 8x dakika nane. Dakika mbili hizo ndizo zinazotenganisha fundi na mbahatishaji, maana ukikimbia mno mashimo ya leza kwenye ukingo wa nje hutoka hafifu. Wala usishuke hadi 1x ukidhani unazidisha ubora. Diski za sasa hazikutengenezwa kwa mwendo wa konokono, na utakaa pale karibu saa nzima bure.

Atatokea mjuaji akuulize mbona CD zake zinachoma 52x na wewe unajikongoja na 8x. Subiri hadi watu wawe wengi, ndipo umjibu: kipimo cha CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde, cha DVD ni 1,385. Nane zako ni megabaiti 11 kwa sekunde, hamsini na mbili zake hazifiki nane. Mnunulie soda baada ya hapo.

Mwisho wa kuchoma, funga diski na iruhusu programu ihakiki. Diski ambayo haikufungwa itacheza kwako tu, na wewe hutakwenda nayo Mgeta kila Jumapili.

Hatua ya sita: jaribu pale panapouma

Watu hujaribu DVD kwa kutazama dakika mbili za mwanzo, wakaridhika. Diski inaandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Igeuze, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha: utaona duara la zambarau iliyokolea kuanzia ndani, kisha mstari, kisha zambarau nyepesi ambayo leza haikufika. Mwanzo wa sherehe uko karibu na tundu, ambako mara nyingi ni salama. Mwisho uko ukingoni, kwenye vidole vya kila mtu, kwenye mikwaruzo na uchomaji hafifu. Na mwisho wa sherehe ndipo shangazi alipocheza.

Kwa hiyo jaribu sura ya mwisho, na ijaribu kwenye deki mbovu kuliko zote mtaani kwako. Ikipita hapo, itapita hata Nyandira kule Mgeta. Bora zaidi, usijaze diski hadi ukingoni: ishia kama gigabaiti 4.2 hizo za Windows, uache ule ukanda wa nje mtupu. Shangazi atacheza mpaka mwisho bila kuganda.

Hatua ya saba: valisha vizuri

Tusidanganyane, wengi watakupima kwa kava. Picha ya maharusi iwe kubwa, majina yawe makubwa zaidi.

Lakini usibandike karatasi juu ya diski. Karatasi ikikaa upande kidogo, diski inayumba inapozunguka, na kule juu, upande wa mashariki wa Uluguru unaopokea mvua kutoka Bahari ya Hindi, unyevu utaiinua pembeni hadi inase ndani ya deki. Nunua diski zenye uso mweupe wa kuchapia na utafute mwenye printa ya Epson L805 au inayofanana nayo, inayochapa juu ya diski moja kwa moja. Kama bajeti haifiki, andika kwa makapeni laini isiyokwaruza. Kwenye CD kalamu ya kawaida ni hatari kabisa: data iko juu, chini ya rangi nyembamba tu. DVD ina unafuu, itazame ubavuni utaona ni bamba mbili zilizogandishwa, kila moja nusu milimita na kidogo, na data imelala katikati.

Wape wateja masharti ya kutunza kwa sauti ya daktari: isiachwe juu ya dashibodi ya gari, maana jua hufifisha rangi inayobeba data; isihifadhiwe ikiwa na majimaji. Ukungu nao haubishi. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza kuvu aliyekuwa akila CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu. Wakazi wa Kinole, upande huo huo wa mashariki wa Uluguru, watakuelewa mara moja.

Hatua ya nane: shindwa kwa heshima

Siku moja itagoma. Sebule imejaa, deki inasoma, inasoma, inakataa. Usiseme "deki yenu mbovu". Hata kama ni mbovu. Mwambie mwenye nyumba, "Mzee, naomba tuifute kidogo." Chukua kitambaa laini cha pamba, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka, kamwe usizungushe, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko huficha data nyingi mfululizo, na deki haiwezi kujisahihisha.

Ikigoma tena, toa nakala ya pili. Siku zote panda na nakala ya pili, iliyochomwa kwenye diski ya kopo tofauti. Ikigoma hiyo nayo, ingiza mkono mfukoni taratibu utoe flashi. Deki nyingi za miaka ya karibuni zina tundu la USB mbele, mara nyingine limezibwa na vumbi hata wenyewe hawalijui. Kama video iliyomo umeigeuza mapema kuwa AVI, na kila faili liko chini ya gigabaiti 4, maana flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili linalofika hapo, shangwe itakayolipuka itafuta yote yaliyotangulia.

Watakaovutiwa watakuomba uwachomee filamu za dukani na albamu za wasanii. Hapo simama. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoizaa COSOTA, na mwaka 2013 kazi za muziki na filamu zinazouzwa zilianza kutakiwa kuwa na stempu ya TRA. Zaidi ya sheria, wapo wasanii wetu waliokula jasho lao nusu kwa sababu ya raita kama yako. Waambie unachoma za familia tu, na jina lako litazidi kupanda.

Kuhusu malipo: chukua nusu kabla ya kugusa kopo, na iliyobaki kabla shangazi hajaanza kucheza. Nakala za ziada zina bei yake, iandike kwenye karatasi ndani ya kava pamoja na namba yako, kwa kuwa ndugu wa Dar watazitaka, na wewe unalo ISO.